Misimu Arobaini na Minane ya Mzee Hedley Dodds

Kuanzia mto Tyne hadi mpaka wa Uskoti hakuna binadamu aliye hai anayeweza kumfundisha mbwa kunishinda mimi, Kit Storey. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba mbwa wangu Champ alikula sandwichi ya askofu, pamoja na karatasi yake, mbele ya wageni kumi na wanane. Lakini aliila akiwa ameketi wima, mkia umetulia, kama nilivyomfundisha.

Sasa tuje kwa mwenye siku. Mzee Hedley Dodds, mtunza mawindo mkuu wa shamba letu la Kelderlaw, yaani mlezi wa ndege wanaowindwa hapa, anastaafu Jumamosi tarehe 3 Februari baada ya kutumikia misimu arobaini na minane. Sherehe ni saa nane mchana, bandani kwa waswagaji, watu wetu wa kuwafukuza ndege msituni siku za mawindo. Mbwa wanakaribishwa. Ofisi ilipouliza nani ataandika wasifu wake kwa jarida la shamba, watu wote wakaanza kukagua viatu vyao, mpaka Bi Isobel Thirlwell akasema, "Mpeni Kit. Shule hakumaliza, lakini mdomo alipewa wa watu wawili." Basi nimeshika kalamu, na makosa ya maandishi mtanisamehe.

Mzee Hedley alizaliwa hapa hapa, nyumba ya kwanza ukishavuka daraja. Baba yake, marehemu Lancelot, alikuwa mtunza mawindo kabla yake na alifikisha misimu hamsini kamili. Kila msimu ulipofungwa, baba alikata alama moja kwenye fimbo yake ya kuswagia. Fimbo hiyo yenye alama hamsini imetundikwa juu ya meko ya Mzee Hedley mpaka leo, na chini yake kuna fimbo ya mwana. Ya mwana ina alama arobaini na saba. Ya arobaini na nane ataikata Alhamisi hii, msimu ukifungwa.

Tangu anichukue kuwa msaidizi wake, kuhusu kustaafu amekuwa na maneno matatu tu: "Hamsini, halafu nakaa." Na kila msomaji wa jarida hili anajua kwa nini hamsini imegeuka arobaini na nane. Ni kwa sababu ya siku ile ya msitu wa Hangshaw. Nitafika huko. Wapo wanaoona kwamba adabu ya wasifu ni kuliruka jambo la namna hiyo, lakini mimi sikulelewa kwa adabu nyingi.

Alianza kazi mwaka wa ule ukame mkubwa, 1976, akiwa na miaka kumi na sita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwabebea maji vifaranga vya fezanti, ndoo mbili kwa mkupuo, kutoka kijito kilichobaki na maji ya kulowesha vifundo tu. Fezanti, wageni mkumbuke, ni ndege mzuri kuliko wote na mwenye akili ndogo kuliko wote. Akiona maji anaweza kufa ndani yake, na asipoyaona anakufa kwa kiu. Mwaka ule kwenye mashamba ya jirani walizika vifaranga kwa mikokoteni. Hedley alipoteza kumi na mmoja, na hata leo ukimuuliza atakuonyesha walipokufa.

Kuhusu mbwa nitasema mengi, kwa kuwa bunduki hazijawahi kumsisimua sana. Ameishi nazo miaka yote hiyo, na anasema ni kelele tu inayokuja mwishoni. Raha yenyewe kwake ni pua ya mbwa. Amenisimamisha mara nyingi kwenye nyasi zenye umande, tumechelewa, watu wanatusubiri, ili tu nimtazame Whin, spanieli wake wa kahawia, akisoma harufu ya ndege aliyepita nusu saa iliyopita. "Tulia umwone, kijana. Anasoma gazeti." Mimi nilikuwa nadhani anapoteza muda. Ilinichukua karibu miaka miwili kuona alichokuwa anakiona, na siku nilipokiona sikumwambia, nisije nikampa furaha bure.

Watoto wa mbwa, mzee huwafundisha kubeba yai bichi mdomoni. Mbwa wa kazi lazima awe na mdomo laini, amlete ndege bila kumtoboa, maana ndege aliyetafunwa hafai kwa meza ya mtu. Whin alilibeba yai lake kutoka mlangoni mpaka ng'ambo ya bustani akiwa na miezi saba, akalilaza kiganjani mwa mzee kama anaweka mtoto kitandani. Kesho yake nikamleta Champ, labrado mweusi, mzuri kuliko mimi. Akala yai. Akala na ganda. Wakati tunajadiliana akala na mengine kumi na moja yaliyokuwa kwenye kikapu. Mzee Hedley alikitazama kikapu, akasema, "Mdomo wake ni laini, hilo sikatai. Sikusikia hata moja likivunjika."

Tena ni Whin huyo huyo aliyepotea siku ya harusi ya mwalimu wa kijiji, akarudi kanisani akipita katikati ya watu, amembeba kuku wa mchungaji akiwa hai, akaketi mbele ya bibi harusi na kumkabidhi. Kuku hakuwa na hata unyoya uliopinda. Mchungaji alimsubiri atage tena, na alitaga Jumatatu.

Nikiri kwamba rekodi ya Champ haikwenda hivyo. Mwezi Oktoba ilikuwa sandwichi ya askofu. Novemba akawafukuza kondoo wa jirani mpaka wakaingia mtoni, mbele ya wageni waliotoka mbali. Bwana Fenwick, meneja wa shamba, aliniita ofisini akanipa barua. Ilikuwa fupi, hata mimi niliimaliza. Ilisema mara ya tatu mbwa ataondoka na mwenye mbwa ataondoka naye. Na nyumba ninayolala, kama ilivyo ya kila mtunza mawindo hapa, inakwenda na kazi.

Mzee aliisoma barua ile, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Kuanzia leo, kamba shingoni. Haijalishi ametulia namna gani. Kamba."

Kabla ya Hangshaw niwataje watu wa Jumamosi, maana bila wao hakuna Kelderlaw. Wanakuja kutoka vijijini na mjini: fundi bomba, nesi wa zamu, dereva wa lori la maziwa, na mwalimu yule wa harusi. Wiki nzima wanaingoja siku ya kuchomwa na miiba, kulowa mpaka ndani ya viatu, na kugonga fimbo kwenye miti wakiwaswaga ndege kuelekea kwa wenye bunduki. Malipo ni supu, kipande cha pai, ndege wawili wa kupeleka nyumbani, na haki ya kumsifia mbwa wako kwa uongo. Mzee Hedley anawajua wote, na mbwa wao wote, hata waliokufa zamani. Nesi wetu aliwahi kukaa mwaka mzima bila kuja baada ya mbwa wake kufa. Mzee hakumpigia simu. Alimpelekea mtoto wa mwisho wa mama yake Whin ndani ya kofia, akamwambia, "Huyu hana kazi. Mtafutie." Jumamosi iliyofuata walikuwa wawili kwenye mstari.

Na Bi Isobel, tarishi mstaafu, mwenye labrado wanne wa kuokota ndege walioanguka. Ana miaka sabini na mdomo wa miaka ishirini. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, tukinywa supu, alimtazama Champ aliyekuwa amefungwa mguuni kwangu.

"Kit, mbwa wako huyo na kamba ni kama mlevi na ukuta. Ukiondoa ukuta?"

"Anakaa bila kamba kuliko hao wako wanne wakijumlishwa, bibi."

"Weee! Hawezi kukaa hata maji ya chai yachemke."

Watu wakacheka. Mzee Hedley hakucheka. Alinitazama, akaitazama kamba, akatoka nje kuangalia upepo.

Hangshaw ni msitu wa mwisho wa siku, na ndio fahari yake. Kazi ya mwaka mzima imo humo: vifaranga, chakula cha kila alfajiri, mbweha aliowakeshea usiku. Jumamosi ile ile ya supu kulikuwa na ndege kama mia tatu ndani. Waswagaji wanaingia upande wa juu, wanateremka polepole. Wenye bunduki wako bondeni, kila mmoja kwenye kigingi chake. Ndege wanatakiwa kuruka watatu, wanne, watatu, juu sana, kwa robo saa nzima. Kazi ya mtunza mawindo ni hiyo: wasiruke wote kwa pamoja. Ndiyo maana kila pembe ya msitu inawekwa mtu wa kuzuia, asimame peke yake kimya kimya, ndege wasitorokee hapo. Pembe ya mashariki, penye lango la mawe, nilikuwa mimi. Wote wakishafika mahali pao, mzee anapuliza filimbi yake ya pembe ya mnyama, na kazi inaanza.

Mlichokiona nyinyi mliokuwa bondeni ni hiki. Filimbi ililia, na hata nusu dakika haikupita, msitu mzima ukapasuka. Ndege mia tatu waliruka kwa pamoja, kwa kishindo kama lori linamwaga kokoto, wakapita nyuma ya waswagaji, juu ya trekta la supu, wakaenda zao kwa jirani. Wenye bunduki wanane hawakufyatua hata risasi moja. Wageni wa Bwana Fenwick walikuwa miongoni mwao.

Mzee Hedley aliteremka bondeni, akavua kofia, akasema mbele ya watu wote: "Kosa ni langu. Nilipuliza mapema. Kijana wa pembe ya mashariki alikuwa bado hajafika."

Hakuna aliyemkemea. Walimhurumia, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Kwenye baa wakaanza kusema mzee macho yameisha. Fundi bomba akasema aliona dalili tangu msimu uliopita, kitu ambacho ni uongo. Wiki mbili baadaye Bwana Fenwick alimwita, wakazungumza kwa heshima, na tarehe ya 3 Februari ikaandikwa. Mtu aliyelisha ndege kila alfajiri kwa miaka arobaini na minane anaondoka akijulikana kama mzee aliyepuliza mapema. Filimbi na nafasi yake, tangazo linasema, napewa mimi.

Ninayo mambo mengi ya kumshukuru mzee huyu kuliko nafasi ya jarida. Alinichukua nikiwa sina shule, sina adabu, na nina mbwa mla mayai. Alinifundisha kusimama. Mzee Hedley, popote utakapoweka kiti chako, jua likufikie mapema, Whin alale miguuni pako, na pua yake isikose gazeti la kusoma. Ndivyo tunavyokuombea sote hapa Kelderlaw.

Wasifu ungeishia hapo, na Bi Isobel angesema nimejitahidi. Lakini jioni ile ya Hangshaw niliporudi nyumbani nilikuta kamba ya Champ imetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Nilikuwa nimeiacha juu ya lango la mawe, pembe ya mashariki. Ilikuwa imekunjwa vizuri na kufungwa kwa fundo ambalo hapa shambani hufungwa na mtu mmoja tu.

Nilimwendea bandani alfajiri yake, nikamkuta anapima mahindi ya ndege.

"Mzee, ile jana..."

"Jana nilipuliza mapema."

"Lakini Champ..."

"Champ yupi? Mimi sikuona mbwa." Hakugeuka. "Wewe una nyumba ya kupoteza, mimi nina alama mbili za fimbo. Shika ndoo, ndege hawajala."

Nikashika ndoo. Nimeishika wiki tano.

Bwana Fenwick, Jumatatu hii saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa ofisi yako, na barua yako mkononi, na Champ kwenye kamba. Nafasi hiyo nakurudishia. Filimbi mrudishie mwenyewe, kwa maana fimbo yake bado ina sehemu ya alama mbili. Jumamosi tunaweza kula pai bila kumuaga mtu.

Siku ile filimbi ililia kwa wakati wake. Nilikuwa nimefika mahali pangu kitambo, nimesimama langoni, hakuna anayeniona, na nilitaka nimwambie Bi Isobel kwamba mbwa wangu alikaa. Mbwa aliyeingia msituni alikuwa wangu, na kamba niliivua mimi.