Ukuta wa Muzee Anaclet

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mukae karibu na redio. Leo tunamukumbuka Muzee Anaclet, kine wetu wa hapa Bunia. Kine ni ule munganga wa kunyoosha viungo na kurudishia misuli nguvu. Muzee Anaclet ametuacha juma iliyopita, akiwa ameshiba miaka. Alipenda kucheka. Na kichwa ngumu alikuwa nayo pia, tusimusingizie marehemu utakatifu!

Ukianguka na pikipiki, shingo ikaumia, ulipelekwa kwake. Alikuwa na kamashini ka kupima nguvu ya shingo. Anakashika mukononi, anakaegemeza kwa paji la uso yako, anakwambia: "Sukuma na kichwa!" Unasukuma, namba inaonekana.

Sasa musikie. Mama Estelle, muuzaji wa mihogo, alianguka na pikipiki. Yeye anabebaka kitunga mugongoni, kamba kwenye paji la uso, sawa mama zetu wengi. Bila shingo, hakuna soko. Bila soko, watoto wale nini? Lakini kila mara akipimwa, Muzee anakataa: "Bado, binti yangu. Shingo haina nguvu. Usibebe." Mama Estelle anarudi nyumbani analia.

Siku moja Muzee alishikwa na homa. Gentille, kine mwenzake, binti kijana, ndiye alipima. Lo! Nguvu tele! Muzee akapona, akapima tena: hakuna nguvu. Kamashini ni kale kale, shingo ni ile ile. Wakabishana.

"Gentille, weye haujui kushika."

"Papa, hii shingo inachaguaka mutu?"

Mama Estelle akainamisha macho. "Papa, unisamehe. Weye uko sawa na baba yangu. Nitasukuma mukono ya baba na kichwa, sawa mbuzi? Haya inanikamata."

Muzee alicheka mpaka machozi. "Yoo! Kumbe nilikuwa napima adabu!"

Akakamata mukaba, akafunga kamashini kwa ukuta, imara. "Ukuta haiko baba wala mukwe wa mutu. Sukuma!" Mama Estelle akasukuma na roho yake yote. Muzee akapima, Gentille akapima: namba ikawa ile ile, ya nguvu. Tangu hapo kila mugonjwa alisukuma ukuta. Na Mama Estelle akarudi sokoni.

Mujane wa Muzee, Mama Espérance, ametuambia: "Hata nyumbani alibadilika. Nikisema ndiyo, anauliza: ni ndiyo ya kweli, ao ni heshima tu?"

Kwa matanga, Mama Estelle alifika na kitunga kimejaa mihogo, kamba kwenye paji la uso, shingo imenyooka. Watu walitaka kumusaidia kutua. Akakataa. "Acheni kwanza. Papa aone."

Mama Espérance, watoto, Gentille, poleni sana. Siye wote tunalia pamoja nanyi, na tunacheka pia, maana yeye angependa hivyo.

Na weye unayesikiliza, baba wa nyumba, mukubwa wa kazi: wale wanaokuitikia "ndiyo, papa" kila siku, unajua nguvu yao? Uliisha kuwapa ukuta wa kusukuma?