Mlio wa Mashine ya Dada

Benchi lile lilikaa ubavuni mwa karakana ya Taratibu, likitazama barabara inayoteremka mpaka ziwani, na mguu wake mmoja ulikuwa umelegea, kwa hiyo ukikaa vibaya lilikumwaga bila kukuomba radhi. Waliolizoea walikuwa wachache, lakini kwa mdomo walitosha kujaza uwanja. Kulikuwa na Redio, tarishi mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ukishamwasha huoni pa kumzimia. Kulikuwa na Bondia, fundi cherehani aliyekonda kama uzi wake mwenyewe, ambaye maishani mwake hajawahi kumpiga hata mbu akampata. Mama Kahawa alikuwa na jiko lake la mkaa na birika lake, na neno la mwisho lilikuwa lake maana vikombe vilikuwa vyake. Taratibu mwenyewe, fundi wa mashine za boti, hakuwa mtu wa benchi. Alikaa mlangoni pake juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akiwasikiliza huku mikono ikifanya kazi. Asubuhi hiyo alikuwa ameikaza na kuilegeza nati moja mara tatu, naye hakutaka mtu aone.

Mbele yake, kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji, ilikuwa imefungwa mashine ya mashindano ya dada yake. Ya zamani hiyo, ya enzi zile ambapo watu walijaa ufukweni na dada yake akawapita wanaume mmoja mmoja kama amewakuta wamesimama wanapiga soga. Bomba la moshi fupi, halina kizuia kelele. Kifuniko kimebonyea upande mmoja. Na juu ya kifuniko, namba saba nyekundu aliyoichora dada mwenyewe kwa brashi, mkia wake umepinda kwa sababu siku ile alikuwa anacheka.

— Ningekuwa mimi, Bondia alianza, ningeipiga rangi. Nyekundu ya kung'aa. Mwenyewe anakuja kuonana na mashine yake baada ya miaka yote hii, halafu unamwonyesha makovu?

— Rangi ya nini? Redio akaruka. Hiyo iliyobaki kaipaka kwa mkono wake. Ukiikwangua, umemkwangua yeye.

— Mimi nguo ikichakaa naitia kiraka, siiabudu.

— Ndiyo maana wateja wako wanapita hapa wamefanana na ramani.

Mama Kahawa alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Taratibu alikuwa na njia yake. Rangi hakuigusa, na kubonyea hakukugusa. Alivyovigusa ni vya ndani, na navyo kwa adabu. Boliti zilizogandamana kwa kutu hakuzilazimisha. Alizidondoshea mafuta, akaenda zake kulala, kesho yake akazidondoshea tena, akazigonga kidogo kwa kipini cha nyundo, akaziacha, mpaka zenyewe zikakubali. Ringi za pistoni alizisugua kwa mkono mpaka zikakaa. Gasketi, ile ya kuziba kati ya chuma na chuma, aliikata kwenye boksi la sabuni. Wenzake walimcheka kwamba kwa mwendo huo atamaliza wakati ziwa limekauka, naye akawaambia wamletee habari likikauka.

Kilichomsukuma hakikuwa mapenzi ya vyuma, ingawa wengi walidhani hivyo. Tangu dada yake apatwe na kiharusi, maneno yalikuwa yamemwisha. Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani kwa binti yake, analishwa anakula, anaongozwa anatembea, lakini ukimwita ni kama umemwita jirani. Sasa siku moja Taratibu alikuwa anapanga stoo, akafungua kopo la zamani la mafuta ya nyonyo, yale mazito ambayo enzi hizo walichanganya na petroli ya mashindano. Yakamchafua shati. Akaenda hivyo hivyo kumwona dada. Alipoinama kumsalimia, dada akamkamata mkono wa shati, akauvuta puani, akafumba macho. Hakuuachia mpaka chai ikapoa. Binti yake alikimbilia jikoni akalie huko. Na Taratibu alirudi nyumbani moja kwa moja, akaitoa mashine chini ya magunia.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya nati ile. Leo dada analetwa asikie. Kama mlio huu usingemfikia, Taratibu hakuwa na kitu kingine cha kumpelekea.

— Mnajua inawaza nini? Redio aliuliza, akiinyooshea mashine kikombe.

— Nani?

— Mashine. Miaka yote ile chini ya magunia, mnadhani ilikuwa imelala? Chuma hakilali bwana. Kilikuwa kinawaza.

— Kinawaza nini, na hakina kichwa?

— Mwendo. Wewe ukilazwa kitandani utawaza nini? Si kutembea?

Mama Kahawa akamkazia macho, maana kila mtu alijua nani amekaa dirishani. Redio akaona alipokanyaga.

— Samahani, Fundi. Mdomo huu.

— Endelea tu, Taratibu akasema. Na kweli alitaka aendelee. Kelele zao zilimshika mkono asianguke.

Bondia alikuwa ametazama ziwa. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yametulia, na vilima vya ng'ambo vilionekana viwili viwili, vya juu na vya chini, usijue vipi vya kweli.

— Mimi nina jambo, akasema polepole. Ule mlio wa zamani ulikwenda wapi?

— Mlio gani?

— Wa mashine hii. Siku zile. Ulitoka hapa, ukagonga vilima vile, ukarudi. Ukagonga huku, ukaenda tena. Ziwa limefungwa pande zote, utatokea wapi? Mimi nasema haujaisha. Bado uko kule unazunguka.

— Mbona hatuusikii? Mama Kahawa akauliza.

— Umechoka. Umekuwa mdogo. Lakini alfajiri, kabla watu hawajaamka, ukiinama majini unausikia.

— Wewe lini umeamka kabla ya watu?

— Nimeambiwa!

— Na nani? Na mto wako?

Lakini Redio alikuwa ameshaudaka, na Redio akidaka kitu hakiachii mpaka akifikishe.

— Subirini. Bondia leo kasema. Ikiwaka hii sasa hivi, ule wa zamani utausikia mwenzake. Si utakuja? Utavuka maji mpaka hapa. Tutasikia mashine mbili kwenye pipa moja!

— Na ukija hautakuja peke yake, Bondia akasema, macho yamemlegea. Utakuja na upepo wake wa siku ile. Na jua lake. Tutajikuta tumekaa kwenye jua la zamani, na nywele zetu zote kichwani.

— Zako hazikuwepo hata siku hizo.

Mama Kahawa hakucheka safari hii. Alikuwa ameshika birika hewani, amesahau kulitua.

— Na sisi je? akauliza. Tuliokuwa ufukweni? Mimi nilikuwa msichana, nilimshangilia yule dada mpaka sauti ikanikauka, nyumbani nikachapwa kwa kuchelewa. Kelele zangu nazo zimo humo?

Bondia akamtazama kwa huruma, kana kwamba funguo za jambo hilo anazo yeye.

— Zimo, Mama. Zote zimo.

— Basi washeni. Nataka kujisikia.

Hakuna aliyemcheka. Taratibu akagundua kwamba yeye mwenyewe ameinamisha kichwa upande wa ziwa, mtu mzima mzima, anategea sikio.

Ndipo teksi ikasimama. Mpwa wake akateremka kwanza, akazunguka, akamtoa mama yake kwa kumshika viwiko. Dada alikuwa amevishwa gauni zuri na viatu vya kutokea, mkoba mdogo umetundikwa mkononi. Alisimama pale alipowekwa.

— Shikamoo Mjomba. Tumefika.

— Marahaba mwanangu. Dada, shikamoo.

Dada aliangalia ukuta wa karakana. Watu wa benchi wote wakasimama, wakamwamkia mmoja mmoja, wakamwachia benchi zima. Hakukaa. Mashine ilikuwa mbele yake, namba saba na mkia wake uliopinda, na macho yake yakapita juu yake kama yanavyopita juu ya ndoo. Taratibu akainama kutafuta kamba.

— Usijali Mjomba, mpwa akanong'ona. Leo kaamka amechoka.

Taratibu akazungusha kamba kwenye gurudumu la juu la mashine, maana hizo za zamani hazina kamba ya ndani, unaizungushia ya kwako kila mara. Akavuta. Mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akazungusha tena, akavuta kwa nguvu zote. Hata kikohozi hakikuja.

— Inamtaka mwenyewe, Redio akasema chini chini. Mkono wa mgeni haiutambui.

— Acha uchawi wako, imeshiba petroli, Bondia akasema, na kwa ajabu ya Mungu alikuwa amesema kweli.

Taratibu alifungua plagi, zile za kutoa cheche. Zilikuwa zimelowa. Akazifuta, akaangalia huku na huku, halafu akamgeukia Mama Kahawa.

— Mama, nipishe jikoni.

— Nini?

— Toa birika. Nataka moto.

— Kahawa yangu!

— Mama, tafadhali.

Mwanamke yule alimtazama usoni, akaona, akaondoa birika na kulitua chini kwenye vumbi. Taratibu akazilaza plagi juu ya makaa, akachuchumaa kuzigeuza kwa koleo, mtu ungedhani anachoma mahindi. Ndivyo alivyofanya dada siku za baridi, mbele ya watu wote, wanaume wakimcheka kabla ya mashindano na si baada yake. Zilipopata moto kiasi kwamba ukizitemea mate yanaruka, akazirudisha mbio kwa kitambaa, vidole vikimuungua, akazikaza. Akazungusha kamba. Ndani ya moyo wake alisema neno moja tu, dada, na akavuta.

Iliwaka.

Haikuwaka kama mashine za siku hizi zinavyonguruma kwa heshima. Ilipiga ukelele. Maji ya pipa yaliruka juu yakamwangukia Bondia yote kama yametumwa, kuku wa jirani wakapotea, kikombe kikatembea chenyewe juu ya benchi mpaka kikaanguka. Birika lililokuwa chini Redio alilipiga teke akirudi nyuma, na kahawa yote ikanywewa na ardhi. Hakuna aliyeijali. Moshi wa buluu ulitanda barabarani na harufu ile nzito ya nyonyo, na mlio ukateremka mpaka ziwani, ukavuka, ukagonga vilima. Ukarudi. Kweli ulirudi, kila mtu aliusikia, umepoa kidogo na umechelewa kidogo. Mama Kahawa alifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, maana alichokisikia humo anakijua yeye.

Taratibu hakutazama ziwa. Alimtazama dada yake.

Mwanzo hakuona kitu. Halafu aliona kidevu kikiinuka. Pua ikavuta. Halafu macho, yale macho yaliyokuwa yakipita juu ya kila kitu, yakashuka kutoka ukutani, yakafika kwenye mashine, na yakabaki hapo. Mkono ulioshika mkoba ukalegea, mkoba ukaanguka. Dada akapiga hatua bila kushikwa. Mpwa alinyoosha mkono, Taratibu akamkatalia kwa kichwa. Dada akaja mpaka kwenye pipa, akaweka kiganja juu ya kifuniko kinachotetemeka, akasikiliza kwa kiganja hicho kama mtu anayempima mtoto homa. Akapunguza mafuta kidogo kwa kidole kimoja. Mlio ukakaa sawa. Taratibu alikuwa ameusumbukia mlio huo kuliko alivyowahi kusumbukia mtoto, na hakuwa amegundua kwamba mafuta yalizidi.

— Mama! mpwa akalia. Mama yangu!

Dada akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka pembeni vikiwa vimepangwa. Akajifunga kitambaa cha kichwa upya, kwa nguvu, fundo nyuma. Akakunja mikono ya gauni. Alikuwa anatabasamu, meno yote nje, na Taratibu alikuwa analia waziwazi bila kujifuta, akisema alhamdulillahi, ahsante Mungu, vyote kwa pamoja. Redio alikuwa amemkumbatia Bondia aliyelowa chapachapa.

Halafu dada akamgeukia mdogo wake. Kinywa kikahangaika kidogo, kikatafuta, kikapata.

— Boti iko wapi?

Taratibu aliacha kulia. Aliwatazama wenzake, wakamtazama yeye. Miezi yote ile walikuwa wamegombana kuhusu rangi, kuhusu ringi, kuhusu chuma kinawaza nini na mlio unakwenda wapi, na hakuna hata mmoja wao kwenye benchi lile aliyewahi kuitaja boti. Ilikwisha oza siku nyingi, kabla mpwa hajazaliwa. Mbao zake zilipikiwa. Redio akageuka kutazama ufukweni, kana kwamba huenda imefungwa kule.

— Nyie, dada akasema, sauti ikipanda juu ya mashine. Nauliza. Petroli inaungua bure. Boti iko wapi?

Taratibu alishika swichi ya kuzimia, asijue aizime au aiache. Dada yake alikuwa amesimama peku kwenye tope, uso umemchangamka, anamsubiri amjibu.