Kiti cha Pili Kirudi Dawatini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mhandisi Kang'ethe, wakurugenzi, watumishi wenzangu, nanyi wateja wa Machakos mliofunga maduka ili mje kuniaga: nawasalimu kwa heshima.

Niliingia katika ofisi hii ya maji nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Siku hizo dawati la wateja lilikuwa na viti viwili. Cha kwanza kilikuwa cha karani mkuu, Mzee Bartholomew. Cha pili kilikuwa cha mgeni kazini, ambaye kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kumjibu mteja. Alisikiliza tu.

Namkumbuka mama mmoja wa Ndithini aliyeingia akifoka: "Mfereji wangu unatoa upepo. Sasa nioshe watoto na upepo?" Nikafungua mdomo. Mzee akanikanyaga mguu chini ya meza. "Keti, mama. Huyu kijana ni mrefu, lakini bado hajaiva." Mama akacheka, akaketi, akaeleza upya polepole, ndipo tukaelewa kwamba bomba lilikuwa limeziba kwa jirani yake.

Digrii niliipata baadaye, kwa masomo ya jioni, wala siidharau: ilinifundisha kuitilia shaka hata hoja ninayoipenda. Mhandisi asiye na digrii simtaki karibu na bwawa letu. Lakini dawati la wateja? Ni somo gani la chuo kikuu linalohitajiwa na kazi ile, lisilopatikana katika kiti cha pili? Nimelitafuta kwa uaminifu, sijaliona.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Jumatatu bodi itapitisha tangazo la nafasi ninayoiacha, ya mkuu wa huduma kwa wateja, likiwa na sharti la digrii. Bi Wavinya Kiema, mtu wa mwisho kukalia kiti cha pili kabla hakijapelekwa stoo, ameliongoza dawati hilo kila nilipokuwa likizoni. Sharti hilo litamfungia nje kabla hajaulizwa swali hata moja. Siombi apewe kazi. Naomba aruhusiwe kuiomba, ahojiwe kama wengine, ashinde au ashindwe kwa kazi yenyewe.

Mmeniuliza nataka zawadi gani. Kiti kile cha pili kimelegea mguu. Kipelekeni kwa wachongaji wa Wamunyu, kisha kirudi dawatini. Atakayekalia cha kwanza, awe Wavinya au mwenye digrii tatu, awe na mgeni kando yake wa kumfunza kunyamaza.

Nawashukuru nyote. Mmenisikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyenikanyaga mguu.