Bi Maana na Neno Lililoanzia Kooni

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bi Maana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi wa injini na mshonaji wa sare za shule.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana. Huko ndiko alikobandikwa jina. Mwalimu wa Kiingereza kila akieleza neno, yeye alikuwa ameshanyoosha mkono: “Hiyo ni tafsiri, mwalimu. Maana yake hasa ni nini?” Mwalimu alimvumilia muhula mzima, mwishowe akamkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu. “Nenda ukaulize humo, mwanangu, uniache nimalize somo.” Ufunguo ule aliurudisha alipomaliza kidato cha nne. Alihitimu ualimu mwaka 1968 na kufundisha kwa miaka kumi.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba. Walikutana baba alipoitwa kuzibua sinki katika nyumba za walimu. Akiwa kifudifudi chini ya sinki, alisikia sauti ikimuuliza kwa nini bomba la maji na bomba la sindano yaitwe jina moja. “Dada,” alijibu, “mimi nazibua tu.” Wiki iliyofuata alirudi, ingawa hakuna kilichoziba. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na mabinti wawili.

Mwaka 1978 marehemu aliajiriwa kuwa mhariri msaidizi katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu, chenye meza moja ndefu na droo za kadi za maneno hadi karibu na dari. Feni ilikuwepo, lakini ilipigwa marufuku kwa kuwa ilipeperusha kadi. Yeye alipewa vitenzi, vile vya kila siku ambavyo wenzake walivikwepa kwa sababu kila kimoja kina maana chungu nzima. Alivipenda. Alikuwa akisema neno la kawaida ni kama jirani wa miaka mingi: unamsalimia kila asubuhi na hujui alikotoka. Nyumbani tulikula ukoko mara nyingi kwa sababu ya maneno hayo, na aliyemtumia kadi ya mwaliko yenye kosa alirudishiwa ikiwa imesahihishwa.

Mwaka 1994 kaka yetu, akiwa dereva wa malori ya masafa marefu, alivuka mpaka na mzigo wa saruji. Siku chache baadaye mapigano yalifunga barabara na hatukusikia habari zake tena. Miezi ikapita. Mama alikonda. Chakula kilimkwama, maji akayanywa kwa taabu, na daktari alipomchunguza koo hakuona kitu.

Ofisini walikuwa wamefika herufi W, na kitenzi kilichokuwa mezani ni worry, yaani kuwa na wasiwasi. Mhariri mkuu alitaka kumpa mtu mwingine. “Hili neno lisikuumize bure,” alimwambia. Mama alikataa, akaenda maktaba kulifuatilia. Jioni moja alirudi akamkuta baba anasafisha spana zake uani.

“Baba watoto, unajua hili neno zamani lilikuwa na maana gani? Kunyonga. Kukaba mtu koo. Baadaye likawa la mbwa anayemkamata kondoo shingoni na kumtikisa. Kisha likawa la kumsumbua mtu kwa maneno. Hii ya kujisumbua mwenyewe moyoni imekuja juzijuzi tu.”

Baba aliweka spana chini. “Sasa hiyo ndiyo itamrudisha mtoto?”

“Haimrudishi. Ila nimejua kinachonikaba.”

Baba anasema usiku ule mama alikula sahani nzima, huku akilia.

Katika kikao cha wahariri, wengi walitaka tafsiri ya kwanza ya don't worry, maneno ya kumtuliza mtu, iwe “usijali”. Mama alisimama. “Kujali ni kumtia mtu maanani. Ukimwambia mzazi asijali, unamwambia amtoe mwanawe moyoni. Mimi siwezi.”

“Lakini kila mtu anasema hivyo,” alisema mhariri mkuu.

“Ndiyo maana tutaiandika. Ila isitangulie.”

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mhariri mkuu alisema amezidiwa na kura yake ni ya mama. Kamusi ilipotoka mwaka 1996, “ondoa wasiwasi” ilitangulia, “usijali” ikafuata. Mzee huyo yupo nasi hapa leo.

Kaka alirudi akichechemea, mchana wa siku ya kazi, baada ya kukwama katika kambi ya wakimbizi upande wa pili wa mpaka. Baba alikimbilia simu ya duka la jirani. Alichoweza kusema ni hiki tu: “Mama watoto, njoo nyumbani. Ondoa wasiwasi.” Mama aliteremka ghorofa tatu pekupeku, viatu vikabaki chini ya meza.

Alistaafu mwaka 2007 na kuendelea kuwafundisha watafsiri vijana sebuleni kwake. Mwaka 2019 aligundulika kuwa na tatizo la moyo kutanuka. Daktari alipomwambia, “Usijali, mama,” alimjibu, “Wewe jali, mwanangu. Mimi nitaondoa wasiwasi.” Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walijali kweli. Alifariki dunia alasiri ya tarehe 27 Agosti 2022, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Gari lililomleta hapa limeendeshwa na kaka yetu, taratibu, katikati ya barabara. Tulimwambia apumzike, dereva yupo. Alisema safari hii hampi mtu.

Mama, lala salama. Mwenyezi Mungu akupe pumziko jema.