Siku Saba za Mashine Kiunoni

Benchi yangu iko hapa kambini Dzaleka, Malawi, nyuma ya kanisa ya mabati, na kahawa natengeneza mi mwenyewe, Gakiza. Anayesema ni nyepesi atafute benchi ingine. Leo asubuhi alikuwapo Fundi Télesphore, mushonaji wa Bukavu, mwenye ule ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Juzi dokta wa Lilongwe alimufunga mukaba wenye mashine ndogo kiunoni, na zingine mbili kwenye vifundo vya miguu. Zinaandika namna anatembea. Siku saba zikiisha, dokta atazisoma, kisha atamupimia dawa upya. Tangu arudi, Fundi anashinda kwangu, na kila mutu iko na shauri.

Wa kwanza ni Melchior. Tunamuita Interviu, juu ameitwa mara kumi na moja kwa interviu za kuhamishwa inchi, na bado tuko naye.

— Fundi, tembea wima. Ile mashine si ya dawa, ni ya safari. Mugonjwa habamupeleke Canada.

Cadeau, mwenye kuendesha kabaza, baiskeli ya kubeba batu, akakataa:

— Wagonjwa ndo banatangulia. Fundi, chechemea. Chechemea mpaka mashine ikuonee huruma.

— Huruma gani? Iko na satelite ile. Inajua mpaka umelalia ubavu gani.

— Basi anipe mi nivae. Napiga pedali mpaka Area 36, kule Lilongwe, na kurudi. Batasema huyu muzee amepona.

— Batasema ameota magurudumu.

Fundi akacheka kidogo. Kikombe chake namujaziaka nusu, na si uchoyo: mukono wake unamwaga.

— Mi niko na yangu, akasema. Sitembei. Nikikaa hapa mpaka siku saba ziishe, haitaniona nikikwama.

Tukamusifu, na mi pia, nakubali. Interviu akasema katika mara kumi na moja hajawahi kufikiria kunyamaza.

Pembeni alikuwa amesimama Louise, mama wa kutoka Uvira, wiki mbili tu kambini, anangoja kahawa yake.

— Samahani, papa. Unakwamaka wapi?

Fundi akageukia nyumba yake.

— Kwa mulango. Mulango wa nyumba yangu mwenyewe. Miguu inagoma tu, bibi yangu ananisukuma na bega. Naona haya, mama.

— Na kama mashine haijaona hapo kwa mulango, dokta atakupimia dawa ya nini?

Interviu akaangalia ndani ya kikombe chake. Cadeau akashika kengele ya baiskeli, hakuipiga. Na mi nilimumiminia mama kahawa bila kuinua macho, nilikuwa na aibu.

Fundi akaweka kikombe chini. Alijaribu mara tatu ndipo akasimama. Cadeau akataka kumushika.

— Mutu asinishike.

Nyumba yake ni ya ine kutoka kwangu, tunaiona vizuri. Akaenda hatua fupi fupi, akikokota muguu wa kuume, mpaka mulangoni. Pale miguu ikagoma. Bibi yake, Annonciata, akatoka mbio na bega tayari.

— Acha, Annonciata. Acha mashine iandike.

Bibi akarudisha mikono. Fundi akabaki amesimama, uso kwa mulango wazi, jasho linamushuka shingoni, na kwenye benchi yangu hakuna aliyekuwa na shauri.