Hebu Tuone na Kichwa Kilichogoma

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutupa pole, marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Hebu Tuone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba hata kunyonya alichunguza kwanza.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akisifiwa kwa hesabu na kulalamikiwa kwa kuikagua rula ya mwalimu, kisha Februari 1972 akaajiriwa katika duka la vifaa vya picha, ambalo baadaye alilinunua, na hapo ndipo alipokutana na adui wake wa maisha, yaani stendi ya kamera inayojifanya imara. Kila stendi iliyoingia dukani aliivuta miguu, akaikandamiza kwa kiganja, akafunga kamera nzito juu yake, akaulenga msumari wa ukutani, akakaza kichwa cha stendi, yaani kile kiungo cha juu kinachoshika kamera, akaachia mkono na kutulia akiutazama ule msumari ndani ya kamera, na ukisogea hata kidogo, basi kichwa kinateleza, aliyekileta aondoke nacho. Wapiga picha za kawaida aliwapa kichwa cha gololi, kinachokaza na kutulia, wa video aliwapa kichwa cha mafuta, kinachogeuka polepole bila kushtuka, ingawa hicho mwenyewe hakukiamini, akisema kitu kinacholegea kwa adabu ndicho cha kuogopwa.

Tarehe 5 Mei 1979 alifunga ndoa na mjane wetu huyu, baada ya kuahirisha mara mbili kwa wasiwasi kwamba alikubaliwa haraka mno, mpaka bibi harusi alipomtumia salamu kwamba yeye si stendi. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1983, na baba akamhesabu vidole huku akimtazama mkunga kwa jicho la pembeni.

Binti alipoleta mchumba, mpiga video za sherehe, jamani, kazi ikaanza, maana kijana alikuwa mpole, mcheshi, hajui hata kuomba apunguziwe bei, na mzee akasema mtu wa namna hiyo ana lake jambo, analitaka duka. Siku ya harusi, tarehe 20 Agosti 2011, alikataa wapiga video wote kwa kuwa ni marafiki wa bwana harusi, akasimamisha stendi yake mwenyewe, akaikatalia kamera ya video kichwa cha mafuta na kuifunga kwenye gololi, akamlenga kijana apate kumchunguza, akakaza kwa nguvu zake zote, na alipotaka kugeuza kwa bibi harusi, gololi ikagoma katakata. Kanda nzima imemlenga bwana harusi peke yake, binti hayumo, keki haimo. Mzee hakujilaumu, alisema kijana amekichezea kichwa, na tangu hapo hakukanyaga nyumbani kwa binti yake, naye binti aliumia sana.

Novemba 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akadai kwanza stendi ya dripu ibadilishwe kwa kuwa inapwaya, kisha akaagiza kanda ile ya harusi, atafute ushahidi dhidi ya mkwewe. Aliitazama yote kitandani, mkewe pembeni. Watu wanapita, watoto wanakimbia, kijana anaitwa huku, anapigwa bega kule, na kila mara macho yake yanarudi palepale, upande alipoketi binti. Mzee akairudisha mwanzo, akatazama tena, ndivyo alivyokuwa, kisha akamwambia mkewe macho yale hayatelezi, waite waje. Walipofika alimshika mkwe wake mkono, akakaa nao muda mrefu, wala hakuutikisa kuujaribu.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023 asubuhi, binti na mkwe wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na yule aliyebadilisha stendi ya dripu, majirani mliovumilia maswali yake, na wafanyabiashara wenzake aliowarudishia mizigo, ambao hata hivyo mmekuja.

Lala salama, Hebu Tuone. Umeshaona.