Sikio Lililotobolewa Mapema

Sogeeni, wanangu, sogeeni nyote, na wewe Romna ulitie komeo hilo la mlango, maana nitakayoyasema si ya walinzi, na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kuyasema mara mbili. Niinueni kidogo. Hapo, basi. Zamikaeli, kifungua mimba wangu, kaa huku karibu na kichwa changu, upande wa jicho linaloona; Asrat, wewe kaa miguuni unipashe joto. Na msianze kulia. Nimezaliwa juu ya mlima huu na ninafia juu ya mlima huu, na katikati hapo nimekula shayiri yangu, nimemwoa mama yenu, Mungu amrehemu, nimepiga kinubi changu, na sijawahi kumwomba mtu anifungulie lango.

Nianze na mali, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Mizinga ya nyuki ni ya Asrat, maana Zamikaeli akiikaribia nyuki humkimbiza hadi kanisani. Kinubi ni cha Romna, na kasisi akija kusema hicho si chombo cha kushikwa na mwanamke, mwambieni nimesema anifuate kaburini tujadiliane. Kitabu cha Zaburi cha babu yangu kibaki madhabahuni kilipo. Ugomvi wa kisima kati yetu na binamu zenu wa nyumba ya mashariki ninaufuta leo. Wachote maji wanavyotaka, wao na mbuzi wao. Haki ilikuwa yangu, hilo nalo msilisahau, lakini wachote. Wewe Zamikaeli usinitazame hivyo, sijakusahau. Urithi wako nimeuweka mwisho kwa sababu ndio mzito.

Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite. Mfalme amekufa. Hapana, Asrat, hakuna aliyeniambia, wala hakuna atakayetuambia mpaka wakubwa wa hema la kifalme wawe wamekwisha kukubaliana; lakini Jumapili, kasisi alipofika kwenye dua ya mfalme, alisema "mfalme wetu" akapitiliza, jina hakulitaja, akakohoa kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Na Belai, mkuu wa walinzi, ambaye kila asubuhi husimama hapo mlangoni akanichokoza, "Bado upo tu, bwana wangu? Au unangoja asali iishe kwanza?", siku hizi anapita ameinamisha kichwa, na pale langoni mikuki imeongezeka. Niliyaona mambo hayo hayo nilipokuwa kijana. Watapanda, wanangu. Watapanda na ile herini ya dhahabu imefungwa ndani ya kitambaa, na mmoja kati ya wana wa kiume wa mlima huu atatiwa sikioni, atashuka akiwa mfalme wa wafalme, nasi wengine tutapiga magoti.

Msidhani ninayasema haya kwa uchungu. Nauheshimu ukoo huu kwa moyo wangu wote, na ningezaliwa tena ningeomba nizaliwe humu humu. Sisi ni damu ya Suleimani na ya yule malkia aliyesafiri kwenda kumsikiliza. Huko kwa watu wengine mfalme akifa, ndugu huchinjana kama mbuzi wa sikukuu, na anayebaki hai huoshwa damu na kuvikwa taji. Babu zetu walisema hapana, haitakuwa hivyo kwetu. Wakatuweka huku juu, wana wa kiume wote, kama mbegu inayowekwa darini isiguswe na panya, na tangu hapo hakuna mama wa mlima huu aliyezika mwana aliyeuawa na ndugu yake. Watu wa bondeni wanatuonea huruma, wanasema tumefungwa jela. Na waseme. Ni jela gani hiyo inayozaa wafalme?

Na wafalme gani! Binamu yangu huyu, ambaye sasa wanamlilia kwa siri, alikuwa kijana mwembamba mwenye kigugumizi, na sisi wenzake tulimpachika jina la Kimya. Wakati ule mlima mzima ulijua kwamba herini ikija itakuwa ya kaka yangu Nahu. Nahu alikuwa mrefu, mzuri wa sura, akiimba kanisani hata wazee walifumbua macho. Alikuja mtawa mmoja kutoka bondeni kuleta ngozi za kuandikia, akamnong'oneza, "Jitayarishe, mwana wa mfalme. Huko chini wanakutaja wewe." Nahu akachukua mwiba akajitoboa sikio, akapitisha uzi wa pamba, akaliteremshia nywele zake juu.

Nilipomwona nikamwuliza, "Nahu, una wazimu? Kwa nini usingoje?"

"Sitaki nikunje uso mbele ya wale wakubwa," akasema. "Mfalme hagutuki kwa sindano."

"Na wakimtaka mwingine je?"

"Nani, Kimya?" Akacheka, nami nikacheka naye. "Akitaka kuamuru vita, mpaka alimalize hilo neno adui atakuwa amekwisha kula chakula cha mchana!"

Wakaja. Wakampita Nahu aliyesimama mlangoni kwetu amevaa shuka jeupe la sikukuu, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa kupuria nafaka, ambako Kimya alikuwa anapura shayiri, makapi yamemjaa nywele. Akawatazama, akawauliza, "M-mmepotea njia?" Mkubwa wao akapiga magoti vumbini, akaifungua ile herini, akaipenyeza sikioni mwake, kwa kuwa desturi ni hiyo, dhahabu ijipasulie njia yenyewe. Damu ikamtiririka mpaka begani. Hakusogea, hakupepesa. Kisha akasema, bila kigugumizi hata kidogo, "Shayiri hii ni ya shangazi yangu mjane. Ni nani atanimalizia?" Wanangu, niliwaona kwa macho yangu wakubwa wa dola, wenye mikufu na hariri, wakiokota fimbo na kupura shayiri ya mjane huku jasho likiwatoka, na yeye amesimama kando anaangalia kama punje hazimwagiki. Siku hiyo nilielewa kwamba wale waliotuchagulia walikuwa na macho, na sisi tuliokuwa tukicheka hatukuwa nayo. Nikampenda tangu saa ile, na sijaacha kumpenda.

Basi tukapanga mstari kumsujudia. Ikafika zamu ya Nahu. Alipiga magoti vizuri, moyo wake ulikuwa safi, nakula yamini kwa hilo; lakini alipoinama, nywele zilimwangukia mbele, na yule mkubwa akaliona tundu na uzi wake.

"Huyu alijua," akasema. "Ni nani wa bondeni aliyekuambia mfalme amekufa? Jeshi la nani linakungoja huko chini?"

Nahu angejibu nini? Hakukuwa na jeshi. Kulikuwa na mtawa mdaku, ambaye alikwisha kushuka zamani akala mkate wake akalala. Lakini kwa watu wale, mwana wa mfalme aliyetobolewa kabla ya herini kuja ni mwana wa mfalme mwenye watu wake, na mwenye watu wake ni vita. Wakampeleka kwenye ile nyumba ya mawe iliyo ukingoni mwa genge la mlima, upande wa upepo, wakamfunga mnyororo mguuni. Binamu yangu alimwombea, akanyamaziwa, kwa kuwa alikuwa bado hajapakwa mafuta, na neno lake lilikuwa bado ni la mpura shayiri. Alipokwisha kupakwa, amri yake ya kwanza kabisa ilikuwa Nahu afunguliwe. Ila masika yalikuwa yameanza, mto ukafurika, mjumbe akakaa ng'ambo akiusubiri upungue. Alipopanda, baridi ya nyumba ile ilikuwa imekwisha kumwua Nahu, na mama yangu alikuwa amekwisha kumwosha maiti.

Nahu hakuuawa na ndugu yake. Hilo mlikumbuke mtakapousimulia ukoo huu kwa watoto wenu. Baadaye mfalme alipiga kambi hapo chini, mahema yamelijaza bonde zima, naye mfalme, kama mnavyojua, hukaa nyuma ya pazia, hata majemadari wake hawamwoni uso. Sisi tulisimama ukingoni. Akatoka, akaliondoa pazia kwa mkono wake mwenyewe, akavua taji, akauelekea mlima, akasimama kichwa wazi mbele ya jeshi lake lote, na mama yangu akasema, "Anamlilia mwanangu." Alitawala vizuri yule, akatetea mipaka, akajenga makanisa, na kila mavuno alituletea nafaka ya tefu na asali kabla hajaionja yeye. Nahu aliuawa na tundu ambalo punje ya shayiri isingepita.

Zamikaeli, ondoa mkono kwenye sikio lako.

Niliona juzi ulipoinama kuninywesha uji. Usinieleze, mwanangu, najua. Yuko mtawa, au mchukuzi wa asali, au bwana fulani wa kusini aliyekutumia salamu tamu, wala sitaki jina lake, kwa sababu jina nisilolijua haliwezi kunitoka nikiweweseka. Sikulaumu. Unastahili kuwa mfalme, ndivyo ninavyokuona, na baba yeyote angeona hivyo. Lakini Nahu naye alistahili. Huwezi kulifunga tundu hilo kabla hawajafika. Kidonda kingepona, kovu lingebaki, na watu wale wanajua kutazama makovu.

Romna, maji... kidogo tu. Inatosha.

Basi huu ndio wosia wangu, na anayenipenda atautekeleza kabla jua halijafika juu ya kanisa. Romna, una sindano na uzi wa pamba, na mkono wako ni mwepesi. Utanitoboa mimi kwanza. Ndiyo, mimi, nisikatizwe. Kisha Asrat. Kisha wajukuu zangu wote wa kiume, hata yule anayenyonya, mama yake amshike kichwa. Kisha Zamikaeli wa mwisho, na sindano ipite pale pale palipotobolewa ili damu iwe mbichi kama ya wenzake. Mtawaambia watu kwamba mzee, akiwa taabani, alishikwa na uchu wa kiti cha enzi, akasikia harufu ya herini inakuja, akaamuru ukoo wake wote utobolewe, akitaraji yeye mwenyewe, mzee wa jicho moja, achukuliwe kitandani akavikwe taji. Mtu mmoja mwenye tundu ni mwasi, wanangu. Lakini nyumba nzima yenye matundu, na kitoto kichanga kinalia katikati yao, hiyo ni kichekesho, na hakuna aliyewahi kufungwa mnyororo kwa kichekesho cha marehemu.

Asrat, usinishike mguu hivyo. Najua unachotaka kusema. Unataka kusema kwamba mlimani hapa mimi ndiye mtu asiyejulikana kwa tamaa, kwamba hata Belai huwaambia vijana wake, "Mtazameni yule mzee, hajawahi kukitupia jicho kiti cha mtu." Ni kweli. Jina hilo nimelichuma maisha yangu yote, na ndilo jambo pekee nililolichuma mwenyewe, vingine vyote nimerithi. Waimbaji watanitungia wimbo. Watoto wa nyumba ya mashariki watashika masikio nikitajwa. Na iwe. Zamikaeli, huo ndio urithi wako. Nimekuachia jina langu jema, ulitumie lote, lisibaki hata kidogo.

Nawe utanilipa hivi. Herini ikija kwa mwingine, awe Asrat, awe mtoto wa wale wa kisimani, wewe ndiye utakayetangulia kupiga magoti, na utazifunga nywele zako nyuma ili wakuone sikio. Na ikija kwako... ikija kwako yenyewe, bila kuitwa, uvute huo uzi, na uwe mfalme kama yule. Ukumbuke shayiri ya mjane. Niapie. Weka mkono hapa kifuani. Hapo... Nimekusikia.

Haya, Romna. Usiogope, binti yangu, umetoboa masikio ya wanawake wa mlima mzima. Chini kidogo... Ah! Kumbe inauma. Na yule hakupepesa, mnaona? Hakupepesa.

Mungu wa baba zetu awatunze. Awape mkate na... na amani kati yenu. Asiwatenganishe. Mwanamume wa nyumba hii asije akamwogopa ndugu yake. Nizikeni kwa Nahu, upande wa upepo, sitaona baridi. Asrat, sogea, zamu yako... shikilia kitanda.

Nani huyo? Ni Belai, nausikia mkuki wake kwenye mawe. Nilimwita mimi. Maliza watoto na Zamikaeli kwanza, Romna, kisha mfungulie, aingie aone damu yote hii... Zamikaeli, umekaa kama mtu aliyefiwa. Futa macho, upesi. Cheka, mwanangu. Baba yako amerukwa na akili. Cheka... kwa nguvu... akusikie.